Mwiko wa Mhunzi

Nilipaswa kukataa. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, aliingia nyumbani kwangu Katesh Jumapili moja kabla wengine hawajafika, akaketi bila kuvua koti, akasema, "Shemeji, kwenye ile kadi ya Mhunzi ongeza mstari mmoja tu." Akautamka huo mstari. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Neno "hapana" nilikuwa nalijua kwa lugha tatu, Kiiraqw, Kiswahili na Kiingereza, na sikulisema hata kwa moja. Niliandika.

Ili ieleweke niliandika nini, na kwa nini mstari kwenye kadi ya mchezo uwe jambo la kumliza mtu mzima, lazima nianze na boksi.

Nilizaliwa Masieda, huko juu Mbulu, nikasoma mpaka kidato cha nne, halafu nikateremka Hanang kutafuta kazi. Nikapata ukarani wa ghala katika moja ya mashamba makubwa ya ngano. Wataalamu wa kigeni walikaa pale na familia zao kwa miaka mingi. Kisha zama za soko huria zikaingia, mashamba yakaanza kubadilisha wenyewe, wageni wakafungasha. Vitu walivyoviacha vililetwa ghalani: vitanda vya watoto, majiko, viatu vizito vya kutembelea kwenye theluji ambavyo hakuna aliyejua avifanyie nini. Nilipoachishwa kazi niliambiwa nichague kitu kwenye rundo la mwisho. Wenzangu walichukua sufuria. Mimi nilichukua boksi la karatasi ngumu, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kitabu.

Lilikaa juu ya kabati miaka. Nilikuja kulifungua baada ya mke wangu kufariki, wakati ule mkoa wetu wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha na kila mtu mjini akawa anazungumzia ofisi mpya. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa amerudi nyumbani kufundisha chekechea. Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunakaa mezani tukitazama kiti cha mama yake. Siku moja nikaliteremsha lile boksi, tukapangusa vumbi.

Ndani mlikuwa na dadu. Sizungumzii dadu za kawaida zenye pande sita. Hizi nyingine zilikuwa na pande nne, nyingine nane, na moja, iliyokaribia kuwa duara, pande ishirini. Na mlikuwa na kitabu cha kanuni. Nilikisoma kwa kamusi, nikimtafsiria binti yangu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sijawahi kukutana na kitu cha namna hii. Mchezo wenyewe hauna ubao wala mshindi. Watu wanakaa mezani. Mmoja anakuwa mwamuzi, anaeleza mahali: mko mlimani, kuna pango, ndani ya pango kuna mtu analia. Kila mmoja wa wengine anakuwa mtu wa kubuni, na anasema mtu huyo anafanya nini. Likitokea jambo la mashaka, dadu inatupwa. Basi. Lakini wakimaliza, wamekwenda mahali na kurudi, na kila mmoja anakumbuka pale mahali.

Sura iliyonishika ni ile ya aina za watu. Kitabu kilisema huwezi kuwa mtu tu, lazima uwe mtu wa aina fulani. Mpiganaji ana nguvu lakini vitabu vya uganga kwake ni mikwaruzo. Mchawi anaweza kuchoma nyumba kwa neno, lakini hawezi kuvaa vazi la chuma. Mwingine anaponya majeraha, na hatakiwi kushika kitu chenye makali. Niliirudia sura ile jioni nyingi. Nilijisikia kama siku ile kidato cha pili mwalimu alipotuchorea moyo wa binadamu ubaoni, na vyumba vyake na milango yake inayofunguka upande mmoja tu, nikashika kifua changu mwenyewe kwa mshangao. Mtu fulani, nchi ya mbali, alikuwa amekaa akajiuliza: nitafanyaje ili kila anayeketi mezani ahitajiwe na wenzake? Na jibu alilolipata ni kwamba umpe kila mtu kitu ambacho yeye peke yake anakiweza, halafu umnyime kitu. Ule upungufu ndio unaomfanya amgeukie jirani yake.

Nilianza kuwatazama watu wa Katesh hivyo hivyo. Mama wa mgahawa, fundi baiskeli, yule anayepiga mnada wa ng'ombe. Huyu ana nini peke yake? Amenyimwa nini?

Shemeji yangu alijiunga kwa sababu ya chai. Yeye ni Mbarbaig kama alivyokuwa mke wangu, mfugaji wa upande wa Balangdalalu, na kila alipokuja mjini alipitia kwangu. Mimi na yeye tuna utani wa shemeji na mkulima na mfugaji, vyote pamoja. Alinikuta natafuta Kiswahili cha neno lile la Kiingereza, "class", ambalo kitabu kiliziita aina zile za watu. Nilikuwa nimeandika "darasa".

"Huyu mchawi yuko darasa la ngapi?" akauliza.

"Siyo darasa la shule, shemeji."

"Maana anayechoma nyumba kwa neno, akishafika la saba si atamaliza wilaya?"

Nikafuta, nikaandika "tabaka". Akatikisa kichwa. "Hayo tulihubiriwa miaka yote kwamba yamekwisha, sasa wewe unayarudisha na mkoa mpya."

Binti yangu akasema, "Baba, andika fani. Ni kitu mtu anajifunza."

Lilikuwa neno zuri. Nililiona dogo. Mimi msomi wa kidato cha nne nilitaka neno lenye uzito, neno ambalo mtu wa huku akilisikia ananyooka kwenye kiti. Nikaandika "ukoo". Ukoo wa Wapiganaji, ukoo wa Waponyaji. Na pale kitabu kiliposema kile ambacho kila aina hairuhusiwi kufanya, nikaandika "mwiko". Nilijisifu. Kwamba neno ukoo haliji peke yake mezani, kwamba huja na wazee wake na ndoa zake na nani hali na nani, sikufikiri.

Kadi zetu nilizikata kwenye maboksi ya sabuni. Zile koo za kitabuni hatukukaa nazo sana, tukatunga zetu. Binti yangu alitunga Mleta Mvua: anaweza kuita mvua wakati wowote, lakini ikinyesha inamnyeshea kila mtu, adui na rafiki sawa, na mwiko wake ni kupaza sauti kwa hasira. Shemeji akatunga Mfuata Nyayo, anayeweza kufuata nyayo za ng'ombe aliyeibwa hata juu ya mwamba.

"Na mwiko wake?" binti akamuuliza.

"Ukoo wangu hauna mwiko."

"Kila ukoo una mwiko, mjomba. Bila hivyo hutatuhitaji."

Alifikiri kidogo, akanitazama mimi. "Basi mwiko wake ni kushika jembe."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia.

Mimi nikawa mwamuzi. Na kwa kuwa shemeji alikuwa na tabia ya kubadilisha namba zake kila nilipogeuka kumimina chai, niliweka kanuni yangu mwenyewe, ambayo haimo kitabuni: kilichosomwa mezani hakifutwi.

Wa nne alikuja kwa ajali. Dadu ya pande ishirini ilianguka sakafuni, shemeji akaikanyaga kwa kiatu chake cha tairi ikapasuka. Nilichukua vipande vyake nikavipeleka mnadani kwa kijana mmoja mhunzi aliyeuza bangili na kengele za ng'ombe. Vipande akavigeuzageuza.

"Shikamoo mzee. Hiki ni nini?"

"Marahaba. Ni dadu. Unaweza kutengeneza nyingine?"

"Naweza. Lakini kwanza niambie inafanya kazi gani. Siwezi kutengeneza kitu nisichojua kinakwenda kufanya nini."

Nikamweleza, nimesimama palepale juani, na nikaona macho yake yakifanya kama yangu yalivyofanya mbele ya ile sura. Alileta dadu mwenyewe nyumbani. Aliiyeyusha kutoka kwenye koki ya zamani ya bomba, shaba tupu, kila upande umechongwa namba. Ilikuwa nzito kidogo upande mmoja, ikapenda kuangukia saba. Akasema ataitengeneza upya, binti yangu akasema aiache hivyo hivyo. Alikaribishwa chai, akakaa, na Jumapili iliyofuata akarudi.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo huku kwetu husemwa kwa sauti ya chini. Huko uwandani, wahunzi ni watu wa pembeni. Mkuki wa mfugaji, bangili ya mke wake, kengele ya ng'ombe wake, vyote vinatoka mkononi mwa mhunzi. Lakini mfugaji hamwozi mhunzi binti yake, na wako wasiokubali kulala naye nyumba moja. Sisi wa Mbulu tusijitoe, tunajua kuwaweka watu pembeni vilevile. Mjini mambo yalikuwa yamelegea. Shemeji alikunywa naye chai meza moja, akamtania kama mtu mwingine. Nilidhani hilo limekwisha.

Yule kijana alipitia kadi zetu zote, kisha akafungua kitabu akatazama picha.

"Mzee, kila ukurasa humu una panga. Mhunzi yuko wapi?"

Kweli hakuwemo. Nikamwambia amtunge. Jumapili iliyofuata alikuja akiwa amemtunga kichwani, akawa anasema, binti yangu anaandika. Kipaji cha Mhunzi: anaweza kuchukua kitu chochote alichonacho mwenzake, akakivunja, akakifanya kuwa kitu kingine. Lazima mwenye kitu akubali kukitoa, na lazima kiwe kitu anachokipenda, kitu asichokijali hakiyeyuki. Mwiko wake: hawezi kubaki na chochote alichokitengeneza.

Niliisoma kadi mara mbili, nikaiweka mezani. Nimesoma kitabu chote kile, na kuna akili kubwa ndani yake, lakini hakina kitu kama hiki. Aina zote za kitabuni zina nguvu zao hata zikiwa peke yao porini. Huyu peke yake alikuwa si kitu. Nguvu yake yote ilikuwa ndani ya imani ya wenzake. Kijana wa miaka ishirini na kitu alikuwa ameeleza maisha ya ukoo wake kwa sentensi chache, bila kulalamika hata kwa neno moja, na akayafanya kuwa kitu ambacho kila mtu mezani alikionea wivu.

Nitaeleza Jumapili moja tu, ya kreta. Niliwaambia hivi: ng'ombe wote wa uwanda wamemezwa na ukungu ndani ya kreta ya mlima Hanang. Mmeteremka kuwafuata. Ndani ya ukungu kuna kitu kinachoiga sauti. Ukiita, kinakujibu kwa sauti ya mtu unayempenda, na ukiifuata hutarudi tena. Dirishani mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na wingu siku ile, wakawa wanaugeukia kila mara.

Walijaribu yote. Mvua ya Mleta Mvua ilizidisha ukungu. Mfuata Nyayo aliita, nami nikamjibu kwa jina la utani ambalo dada yake, yaani mke wangu, alikuwa akimwita. Shemeji aliweka kikombe chini.

Ndipo Mhunzi akasema, "Mfuata Nyayo, nipe mkuki wako."

Mkuki ule wa kubuni shemeji alikuwa nao tangu mwanzo wa mchezo. Alikuwa ameupa jina, ameueleza mpini wake, makali yake, babu aliyemwachia. "Mkuki wangu?" akasema. "Chukua koti."

"Koti unalipenda?"

"Hapana."

"Basi haliyeyuki."

Shemeji alitazama dirishani, kule mlimani. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mitupu juu ya meza, kama mtu anayekabidhi kitu kirefu. Kijana akaupokea vilevile, kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka. Akasema, "Ninaufanya kengele. Hiki kitu kinaiga chenye pumzi. Kengele haina pumzi, hakiwezi kuiiga." Akatupa dadu yake ya shaba. Ilizunguka, ikapita saba, ikasimama kwenye ishirini. Akamwambia shemeji amfunge kengele ng'ombe aliye karibu yake, amwachie. Na mimi, niliyetunga ukungu ule mwenyewe, nilisikia kengele ikilia ndani yake, na ng'ombe wakianza kutoka mmoja mmoja. Shemeji alipangusa jicho kwa kiganja akasema ni moshi wa jikoni. Jiko halikuwa limewashwa.

Wachezaji walipofika nje ya ukungu, binti yangu alizungumza kwa sauti ya mtu wake wa kubuni. "Mleta Mvua anamwomba Mhunzi ajenge nyumba yake karibu na yangu."

Kijana akainama. Akasema, "Mhunzi amesikia."

Mimi niliona ni mchezo mzuri. Shemeji aliona zaidi yangu. Alivaa koti akaondoka bila kumaliza chai.

Jumapili iliyofuata ndipo alipokuja mapema. Mstari alioutaka ulikuwa huu: Mhunzi haoi nje ya ukoo wake, wala hajengi karibu na wengine.

"Ni mchezo tu, shemeji," nilimwambia.

"Kama ni mchezo tu, kuandika kunakuuma nini? Wewe ndiye uliyeandika ukoo. Ukoo gani wa wahunzi hauna hilo? Au unataka ndugu wa mke wako waseme uliwafundisha watoto wao mchezo wa kutuoza kwa wahunzi?"

Nilikwisha kuelewa anazungumzia nini. Nilielewa vizuri. Nikafikiria ndugu wa mke wangu, na nitakavyotazamwa mnadani. Binti yangu sikumfikiria, wala yule kijana. Nikaandika chini ya neno mwiko, kwa mwandiko wangu mzuri wa ghalani.

Walipofika niliisoma kadi kwa sauti. Binti yangu alikuwa anamimina maziwa, akaacha.

"Huo si mwiko, baba," akasema polepole. "Mwiko ni kitu mtu anajizuia mwenyewe. Hicho ni kitu wengine wanamzuia. Umeharibu kadi yote."

Alikuwa sahihi hata kwa kanuni. Nilipaswa kushangilia, kwamba binti niliyemtafsiria kile kitabu sasa anakijua kuliko mimi.

"Futa, baba."

"Kilichosomwa mezani hakifutwi," nikasema.

Yule kijana alinitazama. "Mzee, naomba kuuliza. Huo mstari ni wa mchezo, au ni wa nyumba hii?"

Huo ulikuwa mlango wa pili wa kutokea, na uliachwa wazi kabisa. Nilijibu kama anavyojibu mtu aliyesoma anapoogopa: "Mchezo unatokana na maisha."

Alimaliza chai yake, akashukuru, akaaga kila mtu kwa heshima. Jioni binti yangu aliniambia kwamba mwezi ule yule kijana alikuwa alete wazee wake kumposa. Yeye na kijana walitaka kwanza wajue kama nyumba yangu ina nafasi, wakaona mezani ndipo pa kuuliza. Mvua zilipoanza, binti yangu aliondoka kumfuata. Alichukua dadu zote na kadi zote. Aliniachia moja tu, ile ya Mhunzi.

Wanaishi Balangdalalu. Shemeji yangu, aliyeutaka mstari ule, amekwisha kufika kwao. Ni majirani. Mwanzoni alipita mbali, baadaye akapeleka kengele ikarabatiwe, akakaribishwa maziwa, akayanywa. Sasa wanamwita mjomba kama kawaida. Nilipomuuliza kwa uchungu ilikuwaje yeye akasamehewa, alinijibu bila utani, "Mimi niliomba tu, shemeji. Wewe ndiye uliyekuwa mwamuzi."

Nilikwenda, baada ya miaka kupita, na ile kadi mfukoni. Uani palikuwa na watoto watatu wamechuchumaa kuzunguka duara lililochorwa mavumbini. Nilisikia mlio wa shaba kwenye jiwe. Mmoja alikuwa anamuuliza mwenzake, "Wewe fani yako nini?" Mwenzake akasema, "Mshona Njia. Naweza kuunganisha njia mbili zisizokutana. Lakini siwezi kurudi nilikotoka." Nilisimama palepale nikasahau nilichojia. Hakuna aliyewaambia kuhusu kile kitabu cha ghalani. Walikuwa wanatunga watu, na kuwapa, na kuwanyima, kwa usawa ambao mimi nilihitaji kamusi kuuona.

Binti yangu akatoka ndani, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mzee."

Nikaitikia. Aliniletea kiti na chai. Nikamwonyesha kadi, nikamwambia nimekuja kufuta.

"Kilichosomwa mezani hakifutwi," akasema. Hakupaza sauti. Watoto waliuliza mgeni ni nani, akawaambia ni mzee wa Katesh anayepita. Nilimaliza chai nikaaga.

Mstari ule ulinigharimu binti yangu. Yuko hai, yuko mwendo wa basi la asubuhi, na kwake mimi ni mzee kama mzee mwingine yeyote apitaye njiani. Wajukuu wangu hawajui kwamba mimi ni babu yao.